Supu ya Tambi kwa Bwana Kimya

Kwa miezi mitano mke wa Kinyozi alimdanganya mumewe kila siku ya kazi, na uongo wenyewe ulikuwa wa bakuli moja la supu. Cheka tu, hata mimi nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Yeye hakucheka. Yeye alikuwa akilala na uongo ule, akiamka nao, na kila jioni akiurudisha nyumbani mdomoni.

Kazini walimwita Mama Pasi, nasi tumwite hivyohivyo, maana mikono yake ilikuwa imeshika pasi miaka kumi na tisa mpaka kiganja cha kulia kikawa kigumu kama soli ya kiatu. Kiwanda cha dobi alichofanyia kazi kilikuwa banda refu la bati, linalofua mashuka ya nyumba za wageni na makoti ya zahanati. Mwanzoni mashine za kufulia zinanguruma, katikati kuna kamba za kuanikia, na mwisho kabisa, mahali ambapo upepo hauna njia, kuna meza tatu za pasi za mvuke. Wapo watu wanaodhani kupiga pasi ni kazi ya kivulini. Waje wasimame pale saa moja tu, halafu tuzungumze. Mvuke unapanda usoni, bati linashusha joto utosini, jasho linatiririka mpaka kwenye kope. Ikifika saa nne asubuhi gauni la Mama Pasi limelowa mgongo mzima, na ikifika saa nane limekaukia mwilini na kubaki na michirizi myeupe ya chumvi. Mwenzake wa karibu alikuwa mwanamke mmoja mnene, mcheshi, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea shuka likitoka kwenye pasi na kulikunja. Huyo aliitwa Mkunja.

Mumewe alikuwa kinyozi kweli, si jina la utani tu. Alikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na mdomo usiojua kupumzika. Watu walikuja kunyoa wakabaki kusikiliza. Mama Pasi mwenyewe alinaswa hivyo, maana yule bwana alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na msichana aliyekuja kumsindikiza kaka yake kunyolewa alirudi nyumbani siku ile akitabasamu peke yake njia nzima. Wakaoana, wakapata binti mmoja ambaye sasa ameolewa mbali na huwapigia simu siku za mapumziko.

Kiharusi kilimpata Kinyozi mchana kweupe, wembe mkononi, mteja akiwa kitini. Mteja alitoka na ndevu nusu na uhai mzima, na hadi leo humshukuru Mungu. Kinyozi alilazwa wiki tatu. Mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, mguu wa kulia ukawa wa kuburuta. Ulimi nao ulipotea siku kadhaa, akawa anaita kijiko sabuni na sabuni shemeji, kisha ukarudi. Mama Pasi alizoea kusema kwamba vitu vyote vya mume wake vilirudi nusu, isipokuwa ulimi. Ulimi ulirudi wote na nyongeza.

Daktari alimwita mke pembeni akamwambia bila kuzunguka: presha ya mzee iko juu, chumvi ndiyo adui, na kikimrudia kiharusi kingine hatuna la kuahidi. Basi wakarudi nyumbani na chakula bila chumvi kikaanza. Kinyozi akagoma. Siku ya kwanza alisema hana njaa. Siku ya pili alisema chakula chapwa namna hii hata kuku angekiangalia mara mbili. Siku ya tatu alisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza, akasema kama kufa ni kufa, afadhali afe akiwa na ladha mdomoni.

Hapo Mama Pasi alichukua kopo la chumvi, akalimimina lote kwenye sinki mbele ya macho yake, akafungua bomba mpaka ikayeyuka. Akamwambia kuanzia leo sufuria ni moja. Kisichoingia kinywani mwako hakiingii kinywani mwangu, hapa nyumbani wala kwingine. Kinyozi akairudisha sahani karibu. Akaomba kijiko.

Na kuanzia hapo alikula. Tena alikula kwa sharti aliloliweka mwenyewe, kwamba haanzi mpaka mkewe amekaa mbele yake. Asubuhi Mama Pasi alipika chakula cha siku nzima, mchana mzee akajishikiza kwa ndizi na chai, na mlo wenyewe ukasubiri jioni, upashwe moto, wale pamoja, ndipo ameze vidonge vyake. Jirani, mama mmoja mwenye mlango wa kuelekeana na wao, alikuwa na chumvi tele jikoni, na kutoka kwa Kinyozi hadi kwake ni hatua tatu. Hakuwahi kuzipiga. Alimwambia jirani, akamwambia binti yao kwenye simu, akawaambia hata wauza mkaa wanaopita: mke wangu ana roho ya chuma, haonji chumvi kwa ajili yangu, nami nitawezaje kumsaliti? Mama Pasi akaelewa jinsi mambo yalivyo. Uhai wa mume umekaa juu ya ulimi wa mke. Siku Kinyozi akijua mwenzake anakula chumvi, siku hiyohiyo atabisha hodi kwa jirani.

Sasa, kosa lilikuwa hapa, na ni kosa ambalo karani asingelifanya, wala mwalimu, kwa sababu hao hawatoki jasho la ndoo nzima kwa siku. Mama Pasi alitoa chumvi kwa jasho kutwa nzima na hakurudisha hata chembe. Mwezi wa kwanza miguu ilimkaza usiku. Mwezi wa pili kichwa kikawa chepesi, herufi zilizoshonwa pembeni mwa mashuka zikawa zinacheza. Akajikaza kisabuni, akasema ni umri. Siku moja saa sita mchana alianguka kifudifudi juu ya shuka, pasi ikabaki inachemka pembeni. Mkunja aliruka akaondoa pasi kwanza, ndipo akamshika mtu. Baadaye alimwomba radhi kwa mpangilio huo.

Muuguzi wa zahanati alimuuliza anakula nini. Mama Pasi akaeleza habari ya sufuria moja. Muuguzi akamwambia mama, wewe huumwi, wewe umekauka. Kazi yako na chakula cha mumeo haviendi pamoja. Yeye asile chumvi, wewe ule. Akamwandikia hata kwenye karatasi.

Angefika nyumbani na karatasi ile akaiweka mezani, pasingekuwa na hadithi. Na alikusudia kufanya hivyo, naapa alikusudia. Ila Mkunja alimshika mkono wakitoka zahanati, akasema dawa inaanza sasa hivi, akamwingiza kwenye mgahawa wa pembeni mwa duka la vipuri.

Ulikuwa mgahawa wa meza nne na chakula kimoja. Mwenyewe alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, aliyeitwa Bwana Kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akimaliza sentensi. Mteja akiingia, yeye hutikisa kichwa. Mteja hukaa. Sufuria kubwa ya mifupa ilikuwa jikoni tangu alfajiri, na tangawizi, na vitunguu saumu vilivyopondwa na maganda yake. Bwana Kimya alichemsha tambi nene za ngano kwenye sufuria ndogo, akazitoa na kichujio, akazilaza chini ya bakuli, akamimina mchuzi juu yake mpaka tambi zikainuka kidogo, akatupia majani ya vitunguu na nusu yai. Akaweka kipande cha ndimu pembeni. Akaondoka.

Mama Pasi aliinamia bakuli. Joto la pasi alilijua, joto lile linalokusukuma, lakini hili lilikuwa la aina nyingine. Akachota mchuzi, akapuliza, akanywa. Ile chumvi ilipogusa ulimi taya zikauma, machozi yakamtoka palepale, akashindwa kuyazuia. Mkunja alidhani ameungua. Yeye akavuta tambi moja ndefu, akaimeza, akavuta nyingine, akala yote akilia kimyakimya, na alipoweka kijiko alijisikia kama mtu aliyevuliwa viatu vya kubana.

Siku ile hakuitoa karatasi. Alijiambia kesho. Kesho yake saa tisa na nusu, kazi ilipokwisha, miguu ikampeleka tena kwa Bwana Kimya, safari hii peke yake. Na keshokutwa. Nyumbani alisema mashuka ya nyumba za wageni yameongezeka, siku hizi wanatoka saa kumi na nusu. Akimaliza supu alisukutua mdomo kwenye bomba la nyuma ya kiwanda, akatafuna karafuu mbili, akafika nyumbani na uso wa kazi.

Kinyozi aliamini. Laiti angeshuku, ingekuwa nafuu. Alimhurumia. Alisema wanamuua mke wake wale watu, akamlaani msimamizi wa kiwanda ambaye hana kosa, akamwambia kaa hapa bibie, akamkanda mabega kwa mkono wake wa kushoto, vidole vitano vinavyojitahidi kazi ya kumi. Mama Pasi alikaa na kufumba macho, mdomo una karafuu.

Kisha wanakaa mezani. Dengu chapwa, karoti chapwa, wali chapwa. Kinyozi anasubiri mkewe aweke tonge la kwanza ndipo naye aanze, na akishameza anamwangalia kwa fahari. Anamwambia tumeweza, mama, siku nyingine hiyo. Na yeye anaitikia kwamba tumeweza.

Na wewe usianze kufikiri mambo mengine juu ya Bwana Kimya. Ungemuuliza Mama Pasi macho ya yule bwana yana rangi gani, asingekujibu. Kilichomtia hatia kilikuwa kingine, na yeye mwenyewe kilimchukua wiki nyingi kukikubali. Kwa chumvi alikuwa na karatasi ya muuguzi. Chumvi ingesemeka. Lakini siku moja Mkunja alimletea vidonge vya chumvi ambavyo ndugu yake wa viwandani hupewa, akamwambia haya, meza hivi, uokoe mwendo. Mama Pasi akashukuru, akavitia mfukoni, na saa tisa na nusu akaenda kula supu kama kawaida. Akiwa ameshika kijiko akajiuliza: kama chumvi iko mfukoni, hapa nimefuata nini?

Alifuata kutoitwa, basi. Kuanzia asubuhi mashine zinamwita, msimamizi anamwita, na akifungua mlango wa nyumbani anakuta mume aliyekaa dirishani tangu saa mbili na amemwekea maneno ya siku nzima. Nani amepita na nani, gari gani limekwama, jirani amegombana na muuza maziwa na nani alianza, paka ameingia wapi, na hadithi za wateja wa miaka ishirini iliyopita, na lile swali la kila baada ya dakika mbili, unanisikia? Alikuwa akimsikia. Alimpenda, hilo lisiwe na shaka. Alimwogesha, akamvalisha, akamfunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Ila ile nusu saa mbele ya bakuli, mvuke usoni, mtu wa pekee aliye karibu akiwa hasemi kitu, ndiyo iliyokuwa inamvusha siku. Alianza kuitazama saa ya ukutani tangu saa saba. Furaha aliyokuwa nayo akisukuma mlango wa mgahawa, hakuwa nayo akisukuma mlango wa nyumba yake. Hilo hata Mkunja hakumwambia.

Siku ya mvua ndiyo iliyoharibu. Mvua ilianza akiwa ameshamaliza bakuli, ikapiga bati mpaka barabara ikawa haionekani. Angeweza kuondoka. Alikuwa na mwavuli, tena mzima. Bwana Kimya akapita, akaona bakuli tupu, akalichukua, akalirudisha limejaa, bila neno. Mama Pasi akala la pili polepole, tambi moja moja, akisikiliza mvua, na kwa mara ya kwanza katika miezi hiyo yote hakumfikiria mume wake hata kidogo. Alipoangalia saa ilikuwa kumi na mbili kasorobo.

Nyumbani mlango ulikuwa wazi na dirishani hapakuwa na mtu. Akaita. Sauti ikajibu kutoka jikoni, chini. Kinyozi alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, mgongo kwenye kabati, sufuria ya dengu imepinduka kando yake na dengu zimemwagikia suruali. Aliona mke amechelewa na mvua ni kubwa, akasema atakuta chakula kimeshapashwa moto. Alishika sufuria kwa mkono wa kushoto, mguu ukamsaliti, akateleza. Alikuwa pale karibu saa nzima. Aliita jirani, lakini kwa mvua ile nani angesikia? Vidonge alikuwa hajameza, kwa sababu hajala, na hajala kwa sababu mwenzake hajafika.

Akasema amekuja kukagua sakafu, na kwamba sakafu ni safi, hana malalamiko.

Mama Pasi alipiga magoti, akampitishia mikono kwapani kumwinua, na ikabidi ageuze uso pembeni ili asimpumulie tangawizi na vitunguu saumu, maana siku ile kwa haraka alisahau bomba na karafuu. Alimwinua mume wake huku akiwa ameuficha mdomo wake begani kwake. Kinyozi akadhani analia, akampigapiga mgongoni, akamwambia nyamaza, hakijavunjika kitu.

Siku mbili alikwenda kazini na kurudi bila kusikia ladha ya chochote. Mkunja akamwambia amekuwa na uso wa shuka lililolala mvuani. Jumapili asubuhi, hakuna kazi, Kinyozi amekaa kwenye kiti chake na jua linamwingilia magotini, Mama Pasi akapiga moyo konde. Akavuta kigoda akakaa miguuni pake, akaitoa ile karatasi ya muuguzi, imechakaa kwa kukunjwa. Akamweleza yote: kuanguka juu ya meza ya pasi, zahanati, Mkunja, Bwana Kimya, saa tisa na nusu, mashuka ambayo hayakuongezeka. Akamweleza na siku ya mvua, bakuli la pili, mwavuli mzima. Alieleza akitazama sakafu, akingoja sauti ibadilike.

Kinyozi aliichukua karatasi akaisoma. Halafu akaanza kutikisika. Mama Pasi akashtuka, akainua macho, akamkuta anacheka mpaka bega lile zima linaruka.

"Miezi mitano," akasema, "miezi mitano unanificha supu kama wenzako wanavyoficha mabwana. Ulianguka juu ya pasi na hukuniambia? Mama, chumvi ya mumeo ndiyo mbaya. Yako ni dawa, imeandikwa hapa."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa machozi, kwa zile hatua tatu za kwenda kwa jirani, na badala yake alikuwa amesamehewa kabla hajamaliza kuomba. Angeishia hapo. Wengi wetu tungeishia hapo, tukainuka tukapika chai.

Lakini Kinyozi alikuwa ameshashika mwendo. Akasema jambo hili limekuja wakati wake, yeye amechoka na dirisha, na daktari alimwambia atembee. Mgahawa wenyewe si mbali. Atatoka saa tisa taratibu na fimbo yake, jirani atamshusha ngazi, watakutana palepale. Mkewe atakula supu yake, na yeye atakunywa maji ya moto na kumtazama akila, hataonja, anaapa. Na huyo Bwana Kimya, ngoja akutane na kinyozi wa kweli. Amenyoa mabubu wakaondoka wanaimba. Atamchangamsha mpaka mgahawa ujae watu. Kila siku, mama! Akamuuliza avae shati lipi kesho, la mistari au lile la bluu. Uso wake ulikuwa haujawaka hivyo tangu atoke hospitali.

Mama Pasi akaiona ile meza yake ya pembeni. Akamwona mume wake amekaa upande wa pili, bakuli katikati, na maneno yanaanza. Njia za kumkatalia zilikuwepo nyingi na zote za heshima: ngazi mbaya, barabara ina mashimo, harufu ya supu itakutamanisha. Zilikuwa zimepanga foleni mdomoni. Miezi mitano alikuwa amezitumia za namna hiyo, na safari hii alizichoka.

"Usije," akasema.

"Kwa nini?"

"Ile nusu saa ndiyo peke yake ambayo sikusikii."

Alitaka aliseme kwa upole zaidi, lakini lilishatoka. Kinyozi alibaki ameinua mkono wa kushoto, kidole kikielekea kabatini kwenye mashati. Akaushusha. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo mkewe hakuwahi kuisikia hata hospitali, kama anaongea sana. Mama Pasi akasema anaongea, ndiyo, na kwamba yeye huwa amechoka, na kwamba si kwamba hampendi. Kinyozi akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akasema basi sawa. Na baada ya hapo hakusema lingine, Jumapili nzima, hata binti yao alipopiga simu alimpa mama yake aongee.

Jumatatu Mama Pasi alipiga pasi huku moyo uko nyumbani. Alikuwa amevunja sufuria yao moja mara mbili, mara moja kwa supu na mara ya pili kwa mdomo, na mtu aliyeumizwa namna ile ana sababu gani ya kuendelea kula chakula chapwa? Kwa nani? Aliunguza ncha ya foronya. Saa tisa na nusu ilipofika hakugeukia mgahawa, alipita mlangoni mwake bila kutazama ndani, karibu akikimbia.

Kwenye ngazi alikutana na jirani anashuka na kapu. Jirani akamwambia kwa furaha, eti mzee anaendelea vizuri sana siku hizi, leo mchana amevuka mwenyewe akanibishia hodi. Mama Pasi hakungoja kusikia zaidi. Alipanda ngazi zilizobaki mbilimbili.

Kinyozi alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na sahani iliyokwishaliwa, safi, kijiko kimelazwa juu yake, na kikasha cha vidonge kiko wazi. Upande wa pili wa meza kulikuwa na sahani nyingine, imefunikwa. Jikoni sufuria ya dengu ilikuwa bado inatoa mvuke.

Akasema karibu, pole na kazi. Akasema yeye ameshakula, na dawa ameshameza, ili mkewe asiwe na haja ya kukimbilia saa, apite anapopita, akae anavyotaka. Alisema hayo kwa ufupi na kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni. Mama Pasi alimuuliza habari za mtaani. Akajibu pametulia tu.

Tangu kopo la chumvi limiminwe, ilikuwa mara ya kwanza mume wake kula bila yeye. Na Mama Pasi, badala ya kwenda kukaa kwenye kiti chake, badala hata ya kuweka mkoba chini, alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua mwiko, akachota dengu kidogo, akaonja.

Zilikuwa chapwa. Akaonja tena, akizungusha ulimi, akitafuta. Hakuna kitu.

Alipogeuka alimkuta Kinyozi anamtazama.

"Kwa jirani nilifuata kiberiti," akasema. "Kaa ule."